Fuwele yangu ina kasoro?

*Mtaalamu, nasomea shahada ya uzamili katika fizikia. Nimepoza fuwele ya BaFe2As2 yenye kobalti kidogo hadi kelvini 50, nikapima ukinzani wa umeme kwa pande mbili za bapa lake. Namba ni zile zile, ilhali nimesoma kwamba hutofautiana. Nimeiharibu?*

*Msomaji, Ujerumani*

Hujaiharibu. Bila kobalti, karibu na kelvini 138 (joto la mpito) mpangilio wa atomi, uliokuwa mraba, hurefuka kidogo upande mmoja; kobalti hushusha joto hilo, lakini ikiwa kidogo, kelvini 50 bado iko chini yake. Tatizo ni kwamba fuwele isiyobanwa hugawanyika katika maeneo madogo, mengine yamelala hivi, mengine vile, kama miyaa ya mkeka. Umeme unapita kote, nawe unapima wastani.

Ibane. Mwaka 2010 Jiun-Haw Chu na wenzake wa Stanford walifanya hivyo kwa kibanio kidogo, maeneo yakaelekea upande mmoja, na tofauti ikajitokeza. Ajabu yake (nami bado inanifurahisha) ukinzani ni mkubwa zaidi kwenye mhimili mfupi!

Kwanza kagua ulivyoikata. Mihimili mipya iko digrii 45 kutoka kingo za ule mraba wa awali. Ukibana sambamba na kingo hizo, hupati kitu. Usishtuke pia tofauti ikianza kabla ya joto la mpito: elektroni huitikia mbano mapema.

Ukiibana sawasawa na namba zisiachane, mwombe msimamizi wako muipige eksirei mthibitishe mihimili, kisha muitazame ikiwa baridi kwa hadubini ya mwanga uliopolaishwa. Maeneo yaliyosalia yataonekana kama milia.