Doa Jeusi Juu ya Taa

Leo usiku ukiwasha kibatari, inua macho utazame juu. Je, unaona doa jeusi darini, au kwenye miti ya paa? Hayo ni masizi.

Mafuta ya taa hupanda katika utambi na kuungua. Yakikosa hewa ya kutosha, hayaungui yote. Yanayobaki huwa unga mweusi mwepesi sana. Hewa ya moto hupanda, nayo huubeba unga huo mpaka juu. Huko hunata.

Jirani yako mwenye umeme pale Ifakara asikucheke. Globu yake ikipata moto, vumbi na moshi wa jikoni hupanda vivyo hivyo.

Lakini masizi ya kibatari hayaendi darini yote. Mengine unayavuta wewe na watoto wako. Asubuhi mfute mtoto kamasi kwa kitambaa cheupe, utaona. Masizi hayo hudhuru mapafu.

Utambi mrefu hutoa masizi mengi. Kata ncha iliyoungua, kisha ushushe utambi. Kama una kandili, safisha kioo chake kabla jua halijachwa.

Wakati wa kulinda mpunga bondeni Kilombero, wengine hulala katika dungu lililoezekwa nyasi. Ukiona nyasi zimekuwa nyeusi juu ya taa, usingoje kesho. Iondoe hapo usiku huo huo. Nyasi kavu hushika moto upesi, nawe umelala.

Zoezi: Shika sahani ya bati juu ya moto wa kibatari kwa muda mfupi. Punguza utambi, ujaribu tena. Andika ulichoona.