Uvivu Una Rangi Gani? Somo la Ushuhudiaji kwa Wanaojiandaa na Fildi

Fildi ikikaribia, mazungumzo ya vimbwetani huwa yale yale. "Wewe unatumia mbinu gani?" "Hojaji na usaili. Halafu naweka na ushuhudiaji kidogo, sura ya tatu ijae." Wengi wetu ushuhudiaji tunauona ni kukaa nyuma ya darasa, kutazama, kuandika mistari miwili na kuondoka. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka msimamizi wangu aliponirudishia daftari langu la wiki ya kwanza.

Nilikuwa nimeandika kuhusu kijana mmoja wa Kidato cha Pili: "Mwanafunzi mvivu, hana hamu ya kusoma." Dokta akapiga mstari mwekundu chini yake, akaniuliza, "Uvivu una rangi gani? Uliuona wapi?" Nikakosa jibu. Nilichokuwa nimekiona ni kichwa kilicholazwa juu ya dawati. Neno "mvivu" nililitoa kichwani mwangu.

Hilo ndilo somo la kwanza. Ushuhudiaji ni kukusanya data kwa kutazama na kusikiliza tukio linapotokea, mahali linapotokea, kwa utaratibu uliopangwa. Ukichanganya ulichokiona na ulichokifikiria, huna data tena, una maoni. Dawa yake ni rahisi. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika saa na kilichotokea: "7:50 mchana, analaza kichwa, kalamu iko chini." Kulia andika unachodhani: "Amechoka? Njaa?" Weka na alama ya kuuliza ili usijidanganye.

Kwa nini tujisumbue wakati hojaji zipo? Kwa sababu watu hutujibu kadiri wanavyojua tunataka kusikia. Tangu mtaala wa sekondari uliporekebishwa mwaka 2005 kuelekea ujenzi wa umahiri, kila mwalimu anajua kuwa anatakiwa kumweka mwanafunzi katikati ya somo. Ukimuuliza kwenye hojaji kama anatumia mbinu shirikishi, atatia vema kwenye "ndiyo", na huenda anaamini hivyo kwa dhati. Lakini hojaji haioni darasa la watoto themanini, vitabu vinne na chaki. Ukikaa humo dakika 40 utajua "ushirikishaji" umegeuka kuwa nini: pengine ni kundi la watu wanaojadili kweli, pengine ni darasa zima kuitikia "Ndiyooo, mwalimu!"

Sasa, unaweza kushuhudia kwa njia mbalimbali. Katika ushuhudiaji shiriki unaingia kwenye shughuli yenyewe, kwa mfano unafundisha huku ukitafiti. Utayajua mengi ya ndani, ila ni vigumu kuandika huku umeshika chaki. Katika ushuhudiaji usio shiriki unakaa pembeni. Vilevile unaweza kwenda na orodha iliyopangwa ya mambo ya kuhesabu, au ukaenda na daftari tupu ukaandika unachokutana nacho. Swali lako la utafiti ndilo liamue. Anayeuliza "mara ngapi" anahitaji orodha. Anayeuliza "inakuwaje" anahitaji daftari.

Mfano maarufu wa orodha ni ule wa Mmarekani Ned Flanders. Aligawa mazungumzo ya darasani katika makundi 10: saba ya maneno ya mwalimu, mawili ya wanafunzi, na moja la kimya au vurugu. Mtazamaji huandika namba ya kundi kila baada ya sekunde 3. Piga hesabu: kipindi cha dakika 40 kinakupa alama 800 hivi. Mwisho unaona wazi nani alitawala mazungumzo. Upungufu wake ni kwamba unashika maneno tu. Kilichoandikwa ubaoni na kinachonong'onwa kwenye dawati la nyuma vinapita. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, si lazima ufike huko. Tia alama kila dakika moja kwa mambo matano tu, lakini uyaeleze mambo hayo kiasi kwamba mtu mwingine akishika fomu yako atatia alama kama zako.

Lijaribu hilo kabla ya kwenda. Kaeni wawili darasa moja, kila mtu na fomu yake. Kama kati ya dakika 60 mmekubaliana 48, mna asilimia 80. Kisha jadilini zile 12 mlizotofautiana, kwa sababu huko ndiko fomu inakovuja.

Tatizo jingine ni wewe mwenyewe. Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, mwaka 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi. Alikaa mlimani na darubini mpaka wakamzoea. Baadaye kambi ilipoanza kuwapa ndizi ili wasogee karibu, walikusanyika wengi na kugombana zaidi, hata ugawaji wa ndizi ikabidi upunguzwe. Darasani nako mgeni kutoka chuo kikuu ni ndizi tosha. Siku yangu ya kwanza mwalimu mwenyeji alikuja na chati mpya, na wanafunzi walinyoosha mikono kama msitu. Siku ya nne chati haikuonekana, na mikono ilikuwa ile ile mitatu. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo hesabu ni za kuzoeana. Aliyeshuhudia kipindi kimoja ameshuhudia mapokezi.

Nirudi kwa kijana wangu. Baada ya ule mstari mwekundu nilianza kuandika saa. Nikagundua kuwa asubuhi anaandika vizuri tu. Analaza kichwa vipindi vya mchana. Nikafikiri ni njaa. Lakini wenzake watatu wa kona ile ile nao waliweka kalamu chini saa ile ile, huku wa upande wa pili, waliokula au kukosa kula kama wao, wakiendelea. Siku iliyofuata nikaomba nikae kwenye kona hiyo. Ilipofika saa nane kasoro, jua liliingia kwa madirisha ya magharibi, likaupiga ubao, na mimi mwenye macho mazima sikusoma hata neno moja. Baada ya kipindi nikamuuliza. Akasema, "Sioni, sir. Huwa nanakili jioni kwa mwenzangu."

Ona jinsi mbinu zinavyosaidiana. Kutazama kulinionyesha nini kinatokea, lini na kwa nani. Sababu ilithibitishwa na kukaa pale na kumuuliza mhusika. Kama ningebaki na hojaji, tasnifu yangu ingesema wanafunzi wa shule ile hawana ari. Ingeingia maktaba, na mwaka unaofuata mwenzetu angeinukuu.

Somo la mwisho lilinitoa jasho. Mkuu wa shule aliniita ofisini: "Mwanangu, hebu nione hilo daftari. Nataka nijue nani ananichelewea vipindi." Na lilikuwamo: mwalimu mmoja aliingia dakika 17 baadaye, siku nyingine hakuja kabisa. Nilikuwa na barua zote, kuanzia chuoni hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, lakini barua haimwambii mtu afanye nini mkubwa anaponyoosha mkono. Nikamwambia kwa heshima kwamba niliwaahidi walimu kuwa sitawataja, ila nitampa muhtasari wa shule nzima. Alikunja uso, kisha akakubali.

Usiku ule nikafungua daftari nikaona kosa langu. Sikuandika majina, niliandika "mwalimu wa Fizikia". Shule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia! Nikabadilisha kila mahali kuwa M1, M2, M3, nikaondoa masomo, na ufunguo nikauweka mbali na daftari. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza. Mwalimu aliyekufungulia mlango asije akaandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu ya daftari lako.

Najua bumu huchelewa, nauli ni tatizo, na vijana wa kupika data wapo. Unakaa hosteli na soda yako, unajaza fomu thelathini usiku mmoja. Lakini data iliyopikwa hupikwa kwa yale uliyokuwa unaamini tayari. Mimi ningepika, ningempika mvivu. Ile kona yenye jua nisingeweza kuitunga.

Nilipomaliza, ule muhtasari wa mkuu wa shule ulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa la kuweka mapazia, au kuwazungusha wanafunzi nafasi za kukaa kila wiki. Hawakuwa na fedha za mapazia. Kuzungushana walianza Jumatatu iliyofuata.

Fildi njema, wanachuo wenzangu. Msisahau kuandika saa.