Kijiji Kilichokataliwa na Wenyewe: Somo la Kupanga Makao Mapya Kando ya Kijiji

Katika sehemu nyingi za Kenya, mtu apitaye kando ya kijiji kikubwa huona jambo lile lile. Shamba lililokuwa la mahindi limekatwa vipande, mawe ya mpaka yametiwa, na nyumba za mabati zimeanza kuota. Vipande hivyo watu huviita ploti. Mnunuzi hufurahi kwa kuwa amepata mahali pa kujenga, na muuzaji hufurahi kwa kuwa amepata fedha za karo. Kisha baada ya miaka michache huja manung'uniko. Ng'ombe hawana njia ya kwenda mtoni. Gari la wagonjwa haliwezi kuingia. Maji ya mvua yanamwagika katika ua wa jirani aliye chini, na choo cha mmoja kimechimbwa karibu na kisima cha mwenzake.

Wengi hudhani dawa ya mambo hayo ni kumwita mtu ajuaye kuchora ramani. Naam, ramani ni ya lazima. Lakini ramani nzuri peke yake haileti watu, wala haiwaweki. Ili wasomaji walione jambo hili waziwazi, twawapeleka kwanza nchi ya Misri, ambako mtu hodari alipanga kijiji kipya kwa uangalifu usio wa kawaida, na hata hivyo wenyeji waliojengewa wakakataa kuhamia.

Ng'ambo ya magharibi ya mto Naili, kuelekeana na mji wa Luxor, vipo vilima vya mawe ambamo wakubwa wa Misri ya kale walizikwa. Juu ya makaburi hayo palikuwa na kijiji kiitwacho Gourna, chenye watu wapatao 7,000. Riziki yao ilihusiana sana na makaburi yale. Wengine walikuwa vibarua wa wataalamu waliochimbua mambo ya kale, wengine waliwaongoza watalii, wengine waliuza vitu vya kale, vya kweli na vya kuigiza. Na baadhi yao, tusifiche, waliyaiba makaburi. Palipotokea wizi wa mchoro uliokatwa katika mwamba wa kaburi moja, Idara ya Mambo ya Kale ikaamua kwamba watu wote wahamishwe washuke bondeni.

Kazi ya kupanga kijiji kipya ikapewa Hassan Fathy, msanifu majengo aliyezaliwa mwaka 1900. Kazi ilianza mwaka 1945, katika uwanja wa ekari 50 hivi. Wakati ule, kwa sababu ya vita, mbao na chuma vilikuwa adimu na ghali. Lakini Fathy alikuwa amekwisha kuona kule Aswan mafundi wa Kinubi waliojua kuezeka nyumba kwa matofali mabichi ya udongo na makapi, wakiyapanga kwa upinde hata yakafunga paa, pasipo ubao wala nguzo ya kuyashikilia. Akawaita mafundi hao waje Gourna, wajenge na kuwafundisha wengine. Udongo ulikuwa pale pale chini ya miguu yao.

Tazama jinsi alivyopanga. Hakupanga nyumba kwa safu kama askari katika gwaride, ijapokuwa mpango wa safu ni rahisi kuuchora na rahisi kuuhesabu. Alikigawa kijiji katika mitaa minne mikubwa kwa kufuata koo za watu, na kati ya mitaa akaweka barabara pana. Ndani ya mtaa njia zilikuwa nyembamba na zenye kona, ili mgeni asipite ovyo na kivuli kipatikane. Akakumbuka kwamba huko familia kumi mpaka ishirini za ukoo mmoja, zenye mzee mmoja, huishi kama kundi moja, zikisaidiana katika harusi na msiba. Basi nyumba zao akazizungusha uwanja mdogo ulio wao. Kila nyumba ikawa na ua wake wa ndani. Kukawa na msikiti, soko, shule ya wavulana na shule ya wasichana, jumba la michezo, na mahali pa kufundishia kazi za mikono.

Hata habari ya maji aliifikiri kwa namna ambayo wapangaji wengi hawaifikirii. Bomba ndani ya kila nyumba ni jambo jema kwa afya. Lakini alitambua kwamba msichana akikoma kwenda kisimani, atakuwa amekoma pia kuonekana na vijana na kukutana na wenzake. Ndipo akatia katika mpango nyumba ya kuogea ambamo wanawake wangekutana na kuzungumza. Tena, mahali palipochimbwa udongo wa matofali alikusudia pawe ziwa dogo la maji safi, watoto waogelee humo wasiende mferejini wakapata kichocho. Shimo la udongo likiachwa tu hujaa maji na kuzaa mbu. Yeye alitaka kuligeuza liwe faida.

Baada ya uangalifu wote huo, ni jambo gani lililoharibika?

Kwanza, wenye kijiji hawakuomba kuhama. Amri ilitoka juu, na kwa kweli ilitoka kwa sababu ya makaburi, si kwa sababu ya haja ya watu. Pili, kule bondeni hapakuwa na riziki iliyo sawa na ile waliyoiacha. Mashamba ya jirani hayakutosha watu wote, na kazi za mikono alizotaka Fathy wafundishwe, kama vile kufuma na kufinyanga, zilikuwa tumaini la kesho, hali vilimani mtu alipata chakula cha leo. Tatu, lilikuwako jambo la paa. Paa za kuba zilikuwa nzuri na za bei rahisi, lakini watu wa upande ule wa Misri walizoea kuona kuba juu ya makaburi ya watakatifu wao. Mtu ambaye nyumba yake ya zamani ilikuwa juu ya kaburi aliambiwa ahamie katika nyumba iliyofanana na kaburi. Sisi hatushangai kwamba alisita.

Chuki ilizidi hata usiku mmoja tuta lililozuia maji ya mafuriko ya Naili likatobolewa, na maji yakaingia katika kijiji kilichokuwa kikijengwa. Fathy mwenyewe alisimulia jambo hilo katika kitabu chake kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1969, na hakuficha kwamba waliotoboa walikuwa watu wa Gourna. Ofisi nazo zilimchosha kwa karatasi na kuchelewesha fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ikasimama, na ilikuwa imejengwa sehemu tu ya kijiji kilichokusudiwa.

Jina la Fathy lilipata heshima baadaye. Mwaka 1980 alipewa tuzo maalumu ya Aga Khan ya usanifu majengo, na wanafunzi wa nchi nyingi husoma kitabu chake. Kijiji chenyewe hakikupata bahati hiyo. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kumalizika mwaka 1970, maji ya chini ya ardhi yalipanda, chumvi ikala kuta za udongo, na nyumba nyingi zikabomolewa na kujengwa tena kwa saruji. Watu wa vilimani waliendelea kukaa huko huko kwa miaka mingi, mpaka kuanzia mwaka 2006 serikali ya Misri ilipowahamisha na kubomoa nyumba zao. Hivyo muda wa miaka 60 ulipita kati ya amri ya kwanza na kuhama kwenyewe, na walipohama hawakwenda kwa Fathy. Walijengewa mahali pengine.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali ili aone tofauti ya kijiji kilichotakwa na kijiji kilichoamriwa. Katika miaka ya 1954 na 1955, wakati wa Hali ya Hatari, zaidi ya watu 1,000,000 katika Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu kutoka katika miji yao iliyotawanyika, wakawekwa katika vijiji vya safu vilivyolindwa, walivyovijenga kwa mikono yao wenyewe. Ruhusa ya kutoka ilipopatikana, wenye ardhi walirudi mashambani mwao. Na waliobaki katika vijiji vingi ni wale wasiokuwa na pa kwenda. Ikiwa mnyofu wa mstari ndio kipimo, vijiji vile vilifaulu kabisa.

Basi wenye kijiji, au ukoo wenye shamba, au chama cha ushirika kilichonunua ardhi, wakitaka kufungua makao mapya pembezoni, waanzie wapi? Tungesema waanze kwa miguu. Watembee katika ardhi ile, na watembee wakati wa masika, si wakati wa kiangazi ambapo kila mahali ni pakavu. Wazee na wanawake wawepo katika matembezi hayo. Mwanamke ndiye ajuaye njia ya mkato ya kwenda kisimani, na mchungaji ndiye ajuaye mahali mifugo inapovuka. Mzee atasema, “Hapa maji yalipita mwaka ule wa mafuriko,” na pengine, “Chini ya mgumo huu amezikwa babu.” Mambo hayo hayamo katika ramani ya mpimaji, maana mpimaji huandika alichoonyeshwa. Yatiwe alama kwa vijiti kabla ya kamba ya mpimaji kunyoshwa.

Kisha waulizane swali ambalo Gourna halikujibiwa: watakaokaa hapa watakula nini? Mwalimu, mwendesha bodaboda na mjane mwenye ng'ombe wawili hawahitaji ploti ya namna moja. Ploti ya futi 50 kwa 100 yamfaa mwalimu. Ng'ombe wa mjane hawatatosha humo, na akiwauza ili apate nyumba nzuri amebadili riziki kwa kuta. Ikiwa wengi watategemea soko, njia ya kwenda sokoni ndiyo iwe uti wa mgongo wa mpango, na vibanda viwe kando yake, visiwe nyuma ya nyumba ambako hakuna apitaye.

Habari ya maji na vyoo haina mjadala mrefu. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Sehemu ya chini kabisa ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Sasa fikiri: kama ploti ni ndogo na kila mmoja achimba kisima chake na choo chake, hesabu hii haiwezekani hata mkipanga kwa hekima namna gani. Kwa hiyo yafaa kisima kiwe kimoja cha wote, juu ya mteremko, nacho kitengewe ardhi yake kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa. Baada ya kuuza, hakuna mtu atakayetoa yake.

Vivyo hivyo barabara. Muuzaji hupenda kuifanya nyembamba, kwa maana kila hatua ya barabara ni hatua asiyoiuza. Wanunuzi na waidai pana, ya kutosha magari mawili kupishana na mtaro wa maji kando, na ifuate mteremko kwa ulalo isishuke moja kwa moja kama mto. Mahali pa watoto kucheza na mahali pa shule ya chekechea patengwe siku hiyo hiyo. Kuhusu nyumba zenyewe tutasema machache: katika nchi yetu iliyo karibu na Ikweta, kuta ndefu na madirisha yaelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu.

Sheria nayo ina zamu yake. Chini ya sheria ya mwaka 1967, kugawa shamba la kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Na sheria ya mipango ya mwaka 2019 yataka ruhusa ya serikali ya kaunti itangulie. Wapo wanaokwepa ofisi hizo kwa kuona gharama na safari. Mtu akinunua ploti isiyo na vibali hivyo, na aulize kwanza hati iko wapi na ina jina la nani, kwa maana huenda amenunua kipande cha hati ya mtu mwingine ambayo haijakatwa kamwe.

Mpango ukiisha kuchorwa, usitundikwe ukutani mwa ofisi tu. Upelekwe barazani, ulazwe chini mahali penye kivuli, na mtu auonyeshe kwa fimbo: hii ni njia ya mtoni, huu ni mwembe wa kina fulani, hapa ni kisima. Ikiwa wasikilizaji hawawezi kutambua nyumbani kwao katika mchoro, mchoro na urudishwe kwa mchoraji. Kalamu na karatasi bado ni rahisi kuliko saruji.