Tumbo la Trela ya Chakula Likining'inia, Tafuta Kwanza Kilicholivuta

Trela ndogo za kuuzia chakula sasa zinaonekana karibu kila kituo cha soko, kwenye stendi za matatu na kando ya barabara kuu. Nyingi zimeundwa na mafundi wa jua kali: fremu ya vyuma vya mraba, ekseli moja, kuta za bati na sakafu ya plaiwudi. Chini ya sakafu hiyo baadhi huwa na karatasi ya bati, plaiwudi nyembamba au plastiki ngumu inayofunika mabomba na nyaya zisipigwe na mawe, matope na panya. Katika makala haya kifuniko hicho kinaitwa tumbo la trela.

Mwenye biashara huona kaunta na kuta kila siku. Tumbo halionekani mpaka lianze kuning'inia, na mara nyingi anayeligundua ni mteja au mwosha magari wa jirani. Fundi huitwa, huchungulia kidogo, kisha husema, "Mama, hizi ni skrubu tu zimelegea." Anapiga nyingine sita, analipwa na kuondoka. Baada ya majuma machache tumbo limeshuka tena, pengine kuliko mwanzo. Skrubu zilikuwa zimelegea kweli. Ambalo halikuulizwa ni nini kilizivuta.

Jibu la kawaida ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo mtungi wa lita 20 unaovuja kidogo kidogo na kutuama ndani ya tumbo huweka kilo 20 juu ya bati jembamba ambalo halikuundwa kubeba chochote. Uzito huo si hatari kubwa. Hatari ni kwamba maji yaliyofungiwa humo hulowesha plaiwudi kutoka chini, na plaiwudi iliyooza hulainika polepole bila dalili upande wa juu, hasa ikiwa imefunikwa kwa kapeti ya plastiki. Juu ya sakafu hiyo limesimama jiko la kukaangia chipsi, lenye lita kadhaa za mafuta yanayochemka. Mguu mmoja wa jiko ukizama, anayeungua ni muuzaji au msaidizi wake.

Kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya trela, kuna mambo ambayo hayapaswi kurukwa. Chomoa umeme. Funga mtungi wa gesi, uutoe nje kabisa, ufungue milango na madirisha na kusubiri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi juu ikapotea. Hushuka, hupenya kwenye nyufa za sakafu na inaweza kutuama ndani ya tumbo lililofungwa. Cheche ya drili, ya msumeno wa umeme au ya mashine ya kuchomelea inatosha kuilipua. Harufu ya gesi ikisikika karibu na ardhi, kazi yote isimame mpaka kiungo kinachovuja kipatikane. Kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, na trela ikiinuliwa kwa jeki, isimamishwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Jeki pekee haitoshi kumlinda mtu aliye chini.

Sasa tazama umbo la mning'inio. Ukiwa katikati kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba, na bati likigongwa linatoa sauti nzito, humo kuna maji au kitu kilicholowa. Ukiwa ukingoni tu, hasa ukingo wa mbele, na sauti ni ya utupu, huenda upepo uliingia chini ya bati trela ilipokuwa ikivutwa na kung'oa skrubu. Bati likiwa limevimba karibu na magurudumu, na limepakwa matope, yaelekea tairi zinarusha maji ya barabarani moja kwa moja kwenye kiungo kilicho wazi. Mning'inio mdogo wenye harufu ya mkojo na vipande vya karatasi vinavyochungulia ni kiota cha panya.

Maji yakiwemo, yatoe kwanza. Vaa miwani ya kinga, weka beseni, kisha toboa tundu dogo pale palipo chini zaidi. Drili ya betri ni salama kuliko ya waya mahali penye maji, na ncha yake isiingie zaidi ya unene wa bati, kwa kuwa juu yake huenda kuna bomba au waya. Usifungue upande mzima kwa pupa. Beseni zima la maji machafu litamwangukia aliye chini. Maji hayo yasimwagwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu mifereji hiyo huishia mtoni.

Yatazame na kuyanusa, kwani yanaeleza yalikotoka. Yenye mafuta na povu la sabuni yametoka kwenye sinki. Maji safi yasiyo na harufu huenda yametoka kwenye tangi au bomba la kuleta maji. Ya rangi ya chai, yenye vumbi la mbao, yamepita ndani ya plaiwudi, na huenda ni mvua iliyoingilia dirishani au kwenye kiungo cha paa.

Hapa wengi huharakisha, na ndipo inafaa kutulia. Acha tundu wazi na uweke sahani kavu chini yake kwa siku tatu au nne. Andika sahani inalowa lini. Ikilowa jioni baada ya vyombo kuoshwa, tatizo ni sinki. Ikilowa usiku wakati hakuna aliyefungua mfereji, angalia tangi na bomba lake. Ikilowa tu baada ya mvua, panda juu ukakague paa, dirisha la kuuzia na pale bomba la moshi linapopita. Mwenye shaka bado anaweza kutia rangi ya chakula kwenye sinki lililojaa maji, kulifungulia lote kwa mara moja na kuchungulia chini. Rangi nyekundu ikitokea kwenye sahani, mjadala umekwisha. Kujaza sinki ni muhimu, kwa sababu kiungo kinachostahimili maji machache mara nyingi hushindwa yanaposhuka kwa wingi.

Katika trela nyingi kosa hupatikana kwenye bomba la kutoa maji ya sinki. Bomba la mpira limesukumwa tu kwenye shingo ya sinki bila klipu ya chuma, na mtikisiko wa barabara za changarawe hulivuta taratibu. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache, lakini kupata kiungo kilichofichwa nyuma ya kabati kunaweza kuchukua asubuhi nzima. Tundu ambalo bomba hupitia sakafuni nalo lizibwe kwa mpira au silikoni, maji ya kupiga deki yasipite.

Baada ya kuziba uvujaji, fungua tumbo upande wenye shida na uchunguze. Chukua bisibisi na uchome plaiwudi kutoka chini. Ikidunda, ni nzima. Ikizama kama kwenye keki, kipande hicho kikatwe mpaka kwenye mbao kavu na kubadilishwa, na jiko lisirudishwe juu yake kabla ya hapo. Fremu yenye kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Chuma kikitoboka au kikipungua unene, hiyo si kazi ya rangi tena; aitwe mchomeleaji, na mtungi wa gesi ukae mbali mpaka amalize.

Baadhi ya trela hujazwa pamba ya kioo ndani ya tumbo kuzuia joto na baridi. Ikilowa, itolewe yote. Haikauki vizuri ikiwa imefungiwa, na uzito wake ukichangia na maji huvuta bati upya. Povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, hunyonya maji kidogo zaidi, ila panya hulitafuna. Kusema kweli, trela inayoegeshwa mahali pamoja mwaka mzima katika sehemu zenye joto haihitaji kujazwa chochote, na sakafu iliyopakwa rangi vizuri upande wa chini na kuachwa ipate hewa hukaa kavu kuliko iliyofungwa kabisa.

Anayetaka kurudisha tumbo ni vyema atumie bati bapa la geji 28 au plastiki ngumu, si plaiwudi nyembamba, ambayo hunyonya maji na kupinda. Skrubu ziwe za kuzuia kutu na zipite kwenye washa pana, yaani kile kibati cha duara kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Bila washa, kichwa hupasua tundu na kupenya. Nafasi ya sentimita 30 kati ya skrubu inatosha pembezoni. Katikati, pitisha vipande vya chuma bapa kutoka upande hadi upande, bati lisibaki likining'inia kwa kingo peke yake. Karatasi mbili zikipandiana, ya mbele iwe chini ya ile ya nyuma, upepo uteleze badala ya kuingia kwenye kiungo.

Usizibe kila kitu kwa silikoni. Acha matundu madogo sehemu za chini zaidi ili maji yatakayoingia siku moja yatoke yenyewe, na uyafunike kwa wavu wa chuma. Matundu ya wavu yawe chini ya milimita 6, kwa kuwa panya mdogo hupenya nafasi ya kiasi hicho. Chini ya sinki weka kidirisha kinachofunguka kwa skrubu nne, fundi wa kesho asilazimike kuvunja alichojenga wa leo.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, utoaji wa leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula ni jukumu la kaunti. Ndiyo maana afisa wa afya ya umma anayekagua trela hutazama pia sakafu na mahali maji machafu yanapoenda, si nguo nyeupe na cheti cha afya pekee. Sakafu laini, maji yanayodondoka chini ya kaunta au dalili za panya zinaweza kuchelewesha leseni.

Katika sehemu nyingi za nchi mvua ndefu huanza Machi na za vuli Oktoba, kwa hivyo Februari na Septemba ni miezi mizuri ya kuchungulia chini. Mwenye trela asiye na hakika kuhusu hali ya sakafu yake anaweza kuomba ushauri katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo anakofanyia biashara, kabla ya siku ya ukaguzi.