Jinsi ya Kupima Uvumilivu wa Mchai kwa Jua la Kiritiri

Chai haioti Kiritiri, na sishauri mtu ailazimishe. Mchai hutaka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi, na mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, tena iliyosambaa vizuri. Nchini Kenya hupandwa kati ya mita 1,500 na 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kiritiri kwetu iko chini ya hapo, katika nchi ya ndengu, mtama na muguka. Lakini familia nyingi za huku zina ndugu Manyatta na Runyenjes wanaopeleka majani kwenye viwanda vya Mungania, Rukuriri na Kathangariri, na kiangazi cha Januari hadi Machi kikiwa kirefu, kilio chao hutufikia. Jua letu linaweza kuwasaidia. Jaribio lifuatalo linafaa kikundi cha wakulima au wanafunzi wa shule ya upili, nalo litaonyesha ni miche ipi inayojua kujihami na ni ipi inayoungua.

Hatua ya 1: Pata miche ya aina mbili

Nenda kwenye kitalu kinachoaminika upande wa juu, ununue miche ya umri mmoja, angalau tisa ya kila aina. Chagua aina moja inayojulikana kwa uvumilivu, kama TRFK 303/577 au SFS 150 iliyotoka Malawi, na nyingine isiyo na sifa hiyo. AHP S15/10 ingefaa sana: huzaa kwa wingi ila ukame huiumiza, na ndiyo sababu watafiti wa chai wa Kericho waliwahi kuizalisha pamoja na SFS 150, wapate watoto wa kuchunguza jeni za mavuno. Ukiikosa, chukua TRFK 6/8, ambayo wakulima wadogo wengi wanayo shambani. Andika jina la aina kwenye kila mche siku ileile. Miche ikichanganyika, kazi yote imeharibika.

Beba pia udongo wa huko huko, magunia mawili matatu. Usitumie wa Kiritiri, wala usitie majivu, kwa maana yatapunguza asidi na mche utadhoofika kwa sababu isiyohusu ukame.

Hatua ya 2: Izoeshe

Hamishia kila mche kwenye ndoo ya lita kumi iliyotobolewa chini. Ndoo zote ziwe na uzito sawa wa udongo. Ziweke chini ya kivuli cha matawi au neti kwa mwezi mmoja, ukinyunyiza maji ya mvua. Maji ya kisima mara nyingi huwa na chokaa, na mchai hauipendi. Kila wiki punguza kivuli kidogo, lakini usikiondoe chote.

Hatua ya 3: Gawa makundi matatu

Kundi A litanyweshwa siku zote. Kundi B litanyweshwa hadi siku ya jaribio, kisha maji yakatwe ghafla. Kundi C litapewa nusu ya maji kwa siku kumi, linyweshwe vizuri kwa wiki moja, halafu likatiwe maji pamoja na B. Kila kundi liwe na miche mitatu ya kila aina.

Hili kundi C ndilo kiini cha jaribio, kwa hiyo usiliache hata kama miche ni michache. Katika mimea mingi imeonekana kwamba mmea uliowahi kuonja kiu ndogo hujibu upesi zaidi kiu kubwa inapokuja, kwa kuwa baadhi ya jeni hubaki na alama za kemikali zinazozifanya ziwe tayari kuwaka tena. Swali letu ni kama miche uliyonunua itafanya hivyo.

Hatua ya 4: Kata maji, upime ndoo

Pima uzito wa kila ndoo asubuhi na uandike. Mche mkubwa hunywa haraka kuliko mdogo, na usipoliangalia hilo utadhani ni mvumilivu kumbe ni mdogo tu. Ndoo ikipungua kuliko wenzake, iongezee maji kidogo ili udongo wa B na C ukauke kwa mwendo mmoja.

Wakati huu, ndani ya mche kuna shughuli kubwa. Jenomu ya chai ya Assam, iliyochapishwa mwaka 2017, ilionyesha karibu jeni 37,000. Nyingi haziwaki kwa wakati mmoja. Udongo unapokauka, jeni iitwayo NCED huamka na mmea hutengeneza homoni ya asidi ya absisiki. Homoni hiyo hufunga stomata, vile vitundu vya upande wa chini wa jani, ili maji yasipotee. Kisha huamka jeni za usimamizi, za jamii kama DREB, MYB na WRKY, ambazo kazi yake ni kuwasha jeni nyingine. Hizo nyingine ndizo hutengeneza prolini na sukari za kushikilia maji ndani ya seli, vimeng'enya kama katalasi vya kuharibu sumu za oksijeni, na protini zinazozuia protini nyingine zisiharibike kwa joto.

Yote haya yana gharama. Stomata zikifungwa, hewa ya kaboni dioksidi haiingii, na mche hauwezi kujitengenezea chakula cha kutosha. Ndiyo maana machipukizi husimama kukua na kilo za majani hupungua kabla jani lolote halijakauka. Mwaka 2007 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba polifenoli za chai hupungua udongo unapokauka, na kwamba kwenye aina vumilivu haziyumbi sana. Polifenoli ndizo huipa chai rangi na ukali wake, kwa hiyo uvumilivu unahusu pia ubora wa kikombe.

Hatua ya 5: Pima maji yaliyomo ndani ya jani

Macho pekee yatakudanganya. Jani lililolegea saa saba mchana si ajabu, ila jani lililolegea alfajiri ni la mche ulio hatarini. Kwa hiyo pima.

Kila siku ya tatu, saa tatu asubuhi, chuma jani moja lililokomaa kwenye kila mche. Unganisha majani ya kundi moja na aina moja, uyapime mara moja kwenye mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma sehemu ya kumi ya gramu au chini yake. Yazamishe kwenye maji safi hadi kesho yake, uyapanguse, upime tena. Halafu yaanike juani siku kadhaa hadi uzito usibadilike. Jua la Kiritiri linaifanya kazi hii vizuri.

Tuseme majani mabichi yalikuwa gramu 3.0, yalipolowekwa 3.4, yalipokauka 1.0. Toa uzito wa kukauka kwenye uzito wa awali, upate 2.0. Utoe pia kwenye uzito wa kulowekwa, upate 2.4. Gawa 2.0 kwa 2.4, uzidishe kwa 100: asilimia 83. Hiyo ndiyo hali ya maji ya jani. Aina inayoishikilia juu kwa siku nyingi zaidi ndiyo ambayo jeni zake zimefanya kazi kwa wakati.

Hatua ya 6: Nywesha tena kabla haijafa

Majani yakilegea alfajiri siku mbili mfululizo, rudisha maji, kidogo kidogo. Endelea kupima kwa wiki mbili. Hapa ndipo tofauti halisi huonekana: mche unaorudi kwenye asilimia za kundi A na kutoa machipukizi mapya ni wa thamani kuliko ule uliokaa kijani muda mrefu kisha ukaangusha majani yote.

Hatua ya 7: Pelekea ndugu majibu

Ikiwa C ilishinda B, mwambie mwenye kitalu aache kunywesha miche kupita kiasi miezi miwili ya mwisho, na aondoe kivuli polepole kabla ya kuiuza. Ikiwa aina moja iliishinda nyingine waziwazi, mkulima anayepanda upya aiweke kwenye sehemu za shamba zenye udongo usio na kina. Anayependa chai ya aina dhaifu anaweza kuuliza miche iliyounganishwa juu ya shina la aina vumilivu, kwa sababu mizizi huchangia sana uvumilivu wa mmea mzima.

Kwa michai iliyokwisha kukua, mkulima apogoe wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, asipogoe kiangazi, na aache matawi palepale yafunike udongo. Kiangazi kikianza asichume hadi majani ya kudumu, kwani mchai uliovuliwa majani hauna chakula cha kulipia kazi ambayo jeni zake zimeitisha. Mbolea ya NPK 26:5:5 isubiri mvua. Na miche ya jaribio iliyopona irudishwe juu, ipandwe masika yakianza, ikiwa na majina yake, ili mwaka ujao tuone ilivyopita Februari shambani.