Kabati la Pepo na Mvua: Maswali na Majibu Juu ya Nguo za Kununua na za Kushona Nyumbani

Watu wa mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa na visiwa vya Unguja na Pemba, waliuhesabu mwaka kwa pepo na mvua zamani kabla kalenda ya ukutani haijawafikia, nao wajua kwamba kaskazi inayovuma tangu Desemba huja na jua lisilo huruma, na kwamba masika ya Machi hata Mei hulowesha kila kilichoanikwa, na kipupwe cha Juni na Julai huwafanya wazee wa barazani kutafuta koti, na vuli ya mwisho wa mwaka hunyesha ikakatika, kisha ikanyesha tena. Ila mara tuingiapo dukani twaisahau hesabu hiyo yote, tukainunua nguo kwa kuwa imeipendeza sanamu ya dirishani. Wasomaji wameniuliza mengi juu ya jambo hili, nami ambaye kazi yangu ni kushona na kufundisha ushoni nimeyachagua maswali yawahusuyo wengi. Rai yangu katika majibu yote ni moja: nguo inayotegemea umbo la mwili wako na kitambaa cha kwetu ishone, na inayotegemea mtambo wa kiwandani inunue, wala usione haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Swali: Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Mshahara wangu hauniruhusu kununua nguo kila msimu, na kushona najua kidogo tu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anzia kabatini, si dukani. Toa nguo zako zote, hata zile zilizosahauliwa chini ya sanduku, uzitandaze kitandani mchana kweupe, kisha uzitenge: zile uzivaazo, zile ambazo ungezivaa lau si kifungo kilichong'oka au upindo uliofumuka, na zile usizozivaa kwa sababu ambayo hujapata kujiuliza. Fungu hili la mwisho ndilo la kutazamwa kwa makini, kwani aghalabu utaona kuwa ila yake ni moja inayojirudia, ama kwapa linabana, ama kitambaa hakipitishi jasho, ama rangi haina mwenziwe, na ukishaijua ila hiyo umejua usichopasa kukinunua tena. Baada ya hapo chagua rangi mbili za msingi, mathalan buluu iliyokoza na rangi ya maziwa, na moja ya kuchangamsha, ushikamane nazo mwaka mzima. Mwenye blauzi 4 na sketi 3 zinazokubaliana zote ana mavazi 12, na mwenye nguo 20 zisizojuana husimama mbele ya kioo kila asubuhi akilalamika hana cha kuvaa. Katika hizo 7, blauzi 2 zinunue na 5 zilizobaki zishone, tena kwa taratibu, ukitanguliza sketi, kwa kuwa sketi haina mkono wala shingo, na ni mkono na shingo zinazowakatisha tamaa wanaoanza.

Swali: Dada yangu asema mitumba inatosha, ya nini kujitaabisha na cherehani. Je, ni kweli?

Jibu: Dada yako ana sehemu ya haki, na sehemu yake tumpe. Suruali ya jinzi hushonwa kwa mashine nzito na uzi mnene, na cherehani ya nyumbani ikifika kwenye makutano ya mishono, mahali ambapo kitambaa kimelala tabaka juu ya tabaka, huruka mishono au huvunja sindano. Fulana na nguo zote za jezi hutaka ovaloki, ili mshono uvutike pamoja na kitambaa usije ukakatika. Na sweta, nguo za ndani, koti la mvua na viatu havina mjadala. Vyote hivyo nunua, lakini ununue kwa jicho la fundi, uwe Gikomba ya Nairobi, au Kongowea ya Mombasa, au Karume ya Dar es Salaam. Tazama bega kwanza, kwani bega lililozidi halipunguzwi bila kufumua mkono na pengine ukosi, ilhali kiuno na urefu ni kazi ya jioni moja. Igeuze nguo ndani nje uone akiba ya mshono, maana iliyoachiwa sentimita 2 yaweza kutanuliwa, na iliyokatwa karibu na uzi haina pa kwendea. Inua kwapa kwenye mwanga uone kama nyuzi zimeanza kuachana. Shati kubwa la kiume la pamba, hata ukosi wake ukiwa umechakaa, usilidharau, kwa maana mbele yake, mgongo wake na mikono yake hutoa blauzi nzima ya mwanamke, tena yenye vifungo na matundu yake tayari, na matundu ya vifungo ndiyo kazi iwachoshayo wengi kuliko zote.

Asilolitia hesabuni dada yako ni kwamba nguo nyingi za mitumba zilikatwa kwa ajili ya nchi za baridi, zikatiwa bitana na kubanwa kwapani ili joto lisitoke, nasi wakati wa kaskazi, mchana ukifika nyuzi 32 au 33, haja yetu ni hewa iingie. Nikiishona blauzi ya kaskazi huongeza sentimita 10 hata 12 juu ya kipimo cha kifua, na ile ya kipupwe huiongezea 6 tu, na tofauti hiyo ndogo, ambayo hakuna duka litakalokuuzia, ndiyo inayomfanya mtu akae kazini mpaka alasiri na nguo yake ikiwa bado kavu.

Swali: Muuzaji aliniapia kuwa kitambaa ni pamba tupu. Nikashona gauni, nikatoka jasho hadi nikaona aibu mbele za watu. Nitajuaje siku nyingine?

Jibu: Usibishane na muuzaji, uulize moto. Omba kipande cha upana wa kidole, uchomoe uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, kwa kuwa vitambaa vingi vya siku hizi huwa na pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili, kisha ushike kila uzi kwa kibanio na kuuchoma peke yake, mbali na majora ya watu. Uzi wa pamba huwaka mara moja, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Uzi wa poliesta hujikunyata ukiukimbia moto, huyeyuka, na ukishapoa huacha tone gumu lisilovunjika kwa kucha. Uzi ukiwaka kisha ukaacha vijipunje vigumu ndani ya jivu, ujue umechanganywa.

Kwa kaskazi nasifu melimeli na doria, vitambaa vyepesi ambavyo bibi zetu walivipenda, na kitani kwa mwenye uwezo asiyechoka kupiga pasi. Bafta itumie kwa bitana na kwa kujaribia mkato. Tena kila kitambaa cha pamba kiloweke usiku kucha, ukianike na kukipiga pasi kabla mkasi haujakigusa, kwani pamba hurudi baada ya kufuliwa, na gauni lililokatwa sawasawa juu ya kitambaa kibichi huwa fupi siku ya pili ya kuvaliwa.

Swali: Nimetunzwa doti ya kanga nzuri mno, nami nataka vazi la kutokea. Mkono wangu unatetemeka nikishika mkasi. Nifanye nini nisiiharibu?

Jibu: Mkono unaotetemeka mbele ya kanga ni mkono wenye adabu, dada yangu, maana kanga si kitambaa cha kukatwa ovyo: ina pindo lake pande zote nne, ina mji wake katikati, na ina jina lake lililopigwa chapa juu ya pindo la chini, na fundi anayeyavunja hayo matatu ameishona nguo lakini ameiua kanga. Ifue kwanza, utoke ule wanga wa kiwandani unaoifanya ngumu kama ubao, na rangi ikitoka, itoke kwenye beseni, isitoke juu ya blauzi yako nyeupe. Kisha ipime, kwa kuwa kanga nyingi huwa na upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha 110, na hesabu yote inatokana na vipimo hivyo.

Kanga ya kwanza ifanye sketi ya marinda. Usiikate ubavuni hata kidogo. Upande mrefu wenye jina ukae chini, ukate ukanda wa juu tu, kiasi cha kukuachia urefu utakao, tuseme sentimita 90, na kile kipande cha juu chenye pindo kitakuwa mkanda wa kiuno. Piga mishono miwili mirefu juu ya ukingo, uvute nyuzi zake polepole mpaka upana ule wa 150 ulingane na kiuno chako; mwenye kiuno cha 76 atapata marinda ya kiasi, wala hayatajaa mno. Mapindo mawili ya ubavuni yatakutana nyuma, hapo tia zipu, na pindo la chini, kwa vile limekwisha kupigwa chapa, ndilo litakalokuwa upindo wa sketi yako, uukunje mara moja tu kwa wembamba wa kidole. Jina litasomeka likizunguka miguu, wala halitakaliwa. Kanga ya pili ikunje katikati ya mji, ili ua au korosho ya mji isimame katikati ya kifua, ukate blauzi, na vipande vya pindo uviweke kwenye midomo ya mikono. Shingo usiikunje; izungushie utepe uliokatwa hanamu, ambao hukubali kupinda bila kufanya makunyanzi. Piga bandi kila mshono kwa mkono kabla ya kuupeleka cherehani, hasa ubavuni, ili michoro ya kulia na ya kushoto ikutane. Sindano namba 14 yatosha. Mwenye kufanya hivyo kwa subira hahitaji kumtafuta fundi, na kanga yake itasifiwa na mama yake.

Swali: Mimi ni mwanamume, na cherehani ipo nyumbani. Kuna langu hapo?

Jibu: Lipo, ndugu yangu. Kanzu, yenye badani, taharizi, kikwapa na darizi ya shingo, mwachie bingwa wake. Na shati la kazini linunue, kwani ukosi wake hutaka mashine ya kuugandamiza. Lakini suruali ya kikoi yenye mpira kiunoni ina mishono michache iliyonyooka, nayo ni vazi bora la nyumbani wakati wa kaskazi.

Swali: Kila masika nguo zangu huota madoa meusi kabatini. Ni kosa la kitambaa?

Jibu: Ni kawa, na kosa ni la unyevu. Nguo iliyokauka nje tu na ikabaki na maji kwenye mishono ikikunjwa huota kawa kwa siku chache, na doa lake kwenye pamba nyeupe halitoki kwa urahisi. Basi kwa msimu huo chagua nguo zisizo na bitana, zenye mishono myembamba, zenye rangi za kiza, na upindo wake ukome kwenye muundi, mbali na matope. Poliesta niliyoikemea katika kaskazi, hapa naipa ruhusa, kwa kuwa hukauka upesi. Jua likitoka, hata kwa saa moja, fungua kabati. Kufukiza nguo kwa udi ni desturi njema, lakini zifukizwe zikiwa kavu.

Swali: Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa, na Julai nusura niangamie. Je, nitupe nguo zangu zote za pwani?

Jibu: Usitupe hata moja. Usiku wa Julai huko hushuka hata nyuzi 11 au 12, lakini adhuhuri huweza kuwa ya kupendeza, kwa hiyo dawa ni tabaka, si nguo moja nzito. Sweta moja nzuri ya sufu inunue mtumbani, ya rangi ya msingi uliyoichagua, na kwa mkono wako ushone kizibao cha kitenge chenye bitana, ambacho hakina mikono, kwa hiyo si kigumu, nacho huhifadhi joto la mbavu chini ya koti na hupendeza kikivaliwa peke yake. Gauni lako la melimeli litaishi chini ya hivyo viwili, mpaka urudi kwenu likizoni.

Swali: Kila mwaka nguo yangu ya Idi humalizwa usiku wa kuamkia Idi, tena humalizwa vibaya. Nipange vipi?

Jibu: Kwanza ujue Idi yenyewe itakukuta katika upepo gani, kwani mwaka wa Hijria hupungukiwa na ule wa jua kwa siku kama 11, na Idi husogea nyuma misimu yote: ya 2026 imeangukia Machi, masika yakikaribia, na ya 2030 inatazamiwa mwanzoni mwa Februari, ndani ya kaskazi yenyewe. Satini zito lililopendeza mwaka wa kipupwe litakuadhibu mwaka wa kaskazi. Kisha nunua kitambaa mwezi wa Rajabu, kabla bei haijapanda, ukifue na kukikata Shaabani, ukipige bandi na kukijaribu mbele ya kioo kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, ubakishe upindo na vifungo kwa kumi la kwanza. Viatu na mtandio, kwa kuwa hushoni, vinunue wakati huohuo wa kitambaa, ukiwa na kipande chake mkobani ili rangi zikubaliane. Na ikiwa lazima fundi akumalizie kazi, mpelekee kabla ya kumi la kati kwisha, kwa maana katika kumi la mwisho fundi hodari hapokei kazi mpya, na anayekubali kuipokea usimpe kitambaa chako.