Maumivu ya Uso Yasiyo ya Jino

Je, umepata kumwona mtu anayeshtuka ghafla na kushika shavu, na baada ya sekunde chache ametulia? Akitafuna, akinawa uso, hata akipigwa na upepo, maumivu hurudi kama kapigwa na umeme. Wengi hudhani ni jino. Hung'oa moja, halafu la pili, na maumivu yako palepale. Meno mazima yamekwenda bure!

Anayeumwa hapa ni mshipa wa fahamu. Kila upande wa uso unao mmoja, wenye matawi matatu: kwenye paji, shavu na taya. Una ganda lake, kama mpira unaofunika waya wa umeme. Mara nyingi mshipa wa damu huugandamiza na kulichubua ganda hilo. Lakini upo ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili wenyewe hushambulia maganda ya namna hii ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo mwenye maumivu haya akiwa bado kijana, au macho yakiingia ukungu, au miguu ikifa ganzi, amweleze daktari yote hayo.

Panadol kwa kawaida haifui dafu. Dawa ya kwanza ni kabamazepini, ileile ya kifafa. Usishtuke ukipewa, hukuambiwa una kifafa. Huanzwa kidogo, huongezwa polepole. Huleta kizunguzungu, basi mnazi usipande. Ukitokwa na vipele, rudi hospitali siku ileile. Usiiache ghafla.

Nyumbani nasi tumpikie uji, anywe ukiwa vuguvugu. Mswaki apige wakati dawa imeshika. Penye upepo ajifunike kitambaa usoni, na tusimwambie anajidai.